"Gee" ya Girls' Generation: kwa nini video ya duka moja ingali inatajwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhariri wa video hapa Tanga, na mimi pamoja na wadogo zangu tunafuatilia sana muziki wa Korea. Mwaka 2023 jarida la Rolling Stone la Marekani lilipanga nyimbo 100 bora katika historia ya muziki wa pop wa Korea, na nafasi ya kwanza likaipa "Gee" ya Girls' Generation ya mwaka 2009. Nimeitazama video yake tena na tena. Naona duka moja, wasichana tisa na jinzi za rangi, basi. Nikiiweka kando ya "DDU-DU DDU-DU" ya kikundi cha BLACKPINK ya mwaka 2018, ambamo mwimbaji wake Jennie ameketi juu ya kifaru cha kivita kinachometameta, naiona ya kizamani na ya bei rahisi. Je, watu wanaisifu kwa mazoea tu, au kuna ufundi ambao jicho langu halijauona? Na yule kijana wa dukani ni nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa ufupi, ufundi upo tena mwingi, ila umekaa mahali ambapo mhariri wa video hana kawaida ya kupatazama. Wewe umetafuta kilichotiwa ndani ya fremu, yaani majengo, magari, mavazi na gharama yake. Katika "Gee" kazi kubwa ilikuwa kupunguza, na kilichopunguzwa hakionekani kwa macho. Msimamo wangu ni kwamba video ile ilitengenezwa ili mtu aliyeitazama mara mbili tatu aweze kuinuka na kuicheza mwenyewe, na ukiipima kwa kipimo hicho utaona kwamba karibu kila uamuzi uliomo, kuanzia mpangilio wa maneno hadi rangi ya suruali, unaelekea upande huo mmoja.

Inafaa kwanza ujue hali waliyokuwa nayo wasichana wale kabla ya Januari 2009. Girls' Generation walizinduliwa Agosti 2007 na SM Entertainment, kampuni ya Seoul iliyoasisiwa na Lee Soo-man, kwa wimbo "Into the New World". Walikuwa tisa: Taeyeon, Jessica, Sunny, Tiffany, Hyoyeon, Yuri, Sooyoung, Yoona na Seohyun. Walikuwa wamepitia mafunzo marefu ya kampuni. Jessica alikaa humo takriban miaka saba kabla ya kupanda jukwaani, na Sooyoung alikuwa amekwisha kuimba Japani akiwa bado mtoto. Matunda ya mafunzo hayo yalionekana katika wimbo wao wa kwanza, ambao mchezo wake ni mzito, una mateke ya juu na unadai pumzi. Watazamaji waliushangilia, lakini hawakuuiga, kwa sababu hakuna mtu anayerudi kutoka kazini jioni akaanza kurusha mateke sebuleni.

Wakati huohuo kampuni shindani ya JYP ilikuwa na Wonder Girls, wasichana watano ambao "Tell Me" yao ya mwaka 2007 ilienea Korea nzima hadi kwa wanafunzi, askari polisi na wanajeshi, wote wakijirekodi wakiicheza na kuipandisha mtandaoni. "Nobody" ya mwaka 2008 ikafuata njia hiyohiyo. Kila moja ya nyimbo hizo ilikuja na kitendo kimoja cha mwili, kidogo na chepesi kukumbuka, ambacho Wakorea hukiita dansi ya pointi. Girls' Generation walikuwa na sauti na nidhamu, lakini hawakuwa na kitendo cha namna hiyo. Mambo yao yalikuwa yamefika mahali pabaya hata nje ya muziki wenyewe: katika tamasha la Dream Concert la Juni 2008, sehemu kubwa ya mashabiki wa vikundi vingine walizima taa zao za mkononi walipopanda jukwaani, wakawaachia uwanja wenye giza na ukimya. Baada ya hapo kikundi kilikaa miezi bila wimbo mpya. Kwa hiyo "Gee" iliingia sokoni mwanzoni mwa Januari 2009 ikiwa na mzigo mkubwa, na waliobeba mzigo huo walikuwa na umri wa kati ya miaka 17 na 19.

Jambo la pili la kulielewa ni simu. Soko la muziki la Korea lilihamia kwenye dijitali mapema kuliko nchi nyingi, na sehemu kubwa ya mauzo ya miaka ile ilitokana na milio ya simu. Kampuni ya SK Telecom ilianzisha mwaka 2002 huduma ya kumpigia wimbo mtu anayesubiri simu ipokelewe, huduma ambayo wasomaji wetu wa Kenya wanaijua kwa jina la Skiza. Wimbo unaouzwa kwa njia hiyo hauna nafasi ya utangulizi mrefu, maana mpigaji anausikia kwa sekunde chache tu kabla ya mtu kusema haloo. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2007 watunzi wa Seoul walianza kushindana kutengeneza nyimbo zinazosimama juu ya kibwagizo kimoja, yaani kipande kifupi chenye kunasa kinachorudiwarudiwa, na wakosoaji wa huko wakawa wanalalamika kwamba utunzi umegeuka matangazo ya biashara. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Nyimbo nyingi za mtindo huo zimekufa, na zilistahili.

"Gee" ilitungwa na E-Tribe, watunzi wawili ambao mwaka 2008 walikuwa wamempa mwimbaji Lee Hyori "U-Go-Girl". Hebu usikilize wimbo wao bila kutazama picha. Unaanza kwa maneno machache ya Kiingereza yanayosemwa na Tiffany, aliyezaliwa California, akimwita kijana asikilize hadithi ya mapenzi yake ya kwanza. Mara tu baada ya hapo, kabla ya ubeti wowote kuanza, kibwagizo kinaingia: "gee" mara nne, "baby" mara tatu, na mstari wote unarudiwa. Watunzi wengi wangekiweka kibwagizo hicho baada ya dakika nzima ya maandalizi. E-Tribe wamekitoa mlangoni, kisha ndipo wakaanza kusimulia.

Ubeti nao una utaratibu wake. Mmoja anaimba kwamba anatetemeka na hajui afanye nini, na wenzake wanamjibu kwa nyuma kwa kurudia maneno yake au kuyageuza kidogo, hata mapigo ya moyo yanaimbwa na wanaoitikia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za arusini hahitaji kuelezwa kuitikia kunafanya nini katika mwili wa msikilizaji: kunampa kazi. Halafu kinakuja kiitikio chenyewe, na hapa ningependa usikilize kwa masikio ya fundi. Kina mistari mitatu iliyojengwa kwa umbo moja. Kila mstari una neno la Kikorea lililorudufiwa karibu na mwanzo wake, "banjjak banjjak", "kkamjjak kkamjjak", "jjarit jjarit", na kila mstari unamalizikia kwenye silabi moja iliyorudiwa mara tano: kwanza "no", kisha "oh", kisha "gee". Msikilizaji asiyejua hata neno moja la Kikorea anashindwa mwanzo wa mstari, lakini mkia wake anaushika mara ya pili tu anaposikia. Wadogo zako wakiuimba, bila shaka wanaanza kwa kunung'unika na kumalizia kwa sauti kubwa. Walipangiwa hivyo na waliotunga.

Maana ya maneno yenyewe ni nyepesi kabisa: msichana amependa kwa mara ya kwanza, anamwona kijana anang'aa, hawezi kumtazama, halali usiku, anajiona mjinga. Hakuna tukio linalotokea. Hilo si upungufu kwa kazi hii, kwa sababu wimbo wenye visa vingi ungemtaka mwongozaji avionyeshe, na kila kisa kingemwondoa mtazamaji kwenye miguu ya wachezaji.

Sasa tuje kwenye picha. Mwongozaji alikuwa Cho Soo-hyun, na jina hilo uliweke akilini kwa sababu nitalirudia. Kisa chake ni hiki: kijana mfanyakazi wa duka la nguo anamaliza kazi ya siku katikati ya masanamu ya kuonyeshea mavazi, anaondoka, na masanamu, ambayo ndiyo wasichana tisa, yanapata uhai. Wanaanza kuchunguza duka, kuchezea nguo, na kucheza. Umeniandikia kwamba hii ni hadithi ya bei rahisi. Mimi naiona kuwa imechaguliwa kwa hesabu. Kwanza, inahalalisha kukaa mahali pamoja kwa dakika zaidi ya tatu bila mtazamaji kuuliza mbona hawatoki. Pili, inampa mwongozaji sababu ya kuwaonyesha wasichana wakiwa wametulia, kila mmoja na mkao wake, kabla hawajaanza kusogea. Kikundi cha watu tisa kina tatizo ambalo kikundi cha watu wanne hakina, nalo ni kwamba mtazamaji mgeni hawezi kuwatenganisha. Sanamu haliendi popote. Unapata muda wa kuliangalia uso.

Tatizo hilo la watu tisa ndilo kiini cha ufundi wa video hii, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Chukua wasichana tisa uwapange mstari mmoja mbele ya kamera. Ukisogea karibu, wa pembeni wanakatwa. Ukirudi nyuma ili wote waingie, kila mmoja anakuwa mdogo kama kidole, na mwaka 2009 wengi walikuwa wanatazama kwenye televisheni ndogo, kwenye kompyuta yenye intaneti ya wastani, au kwenye simu za kukunja. Mbunifu wa mchezo anajibu tatizo hilo kwa kuwapanga kwa kina: mmoja mbele katikati, wawili wawili wakirudi nyuma pande zote mbili, na kwa kuwa tisa ni namba witiri daima kuna mtu wa katikati na wanne kila upande. Halafu mtu wa katikati hubadilika kila anapobadilika mwimbaji. Katika video, mabadiliko hayo mengi hufichwa: kamera inakwenda karibu na uso wa anayeimba mstari, na inaporudi nyuma umbo jipya limekwisha kukamilika. Jukwaani hakuna maficho ya namna hiyo, na lazima wapishane mbele ya macho ya watu bila kugongana na bila kukimbia. Tafuta maonyesho yao ya televisheni ya Januari na Februari 2009, uache kumtazama anayeimba, umtazame mmoja wa wale wa nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. Utaona kwamba anatembea umbali mkubwa, na kwamba hatua zake za kutembea zimefichwa ndani ya hatua za kucheza.

Kisha kinakuja kile kitendo chenyewe. Kwenye kibwagizo magoti yanafunguka na kufunga huku mwili ukisogea pembeni, ndiyo maana Wakorea wakaiita dansi ya miguu ya kaa. Hakuna kuruka, hakuna kuzunguka, hakuna kushuka chini. Inachezeka darasani kati ya madawati, inachezeka jikoni. Na hapo ndipo utaona kazi ya zile jinzi ulizozidharau. Suruali ya kubana yenye rangi kali, ikivaliwa na fulana ya kawaida, inaufanya mguu kuwa kitu kinachoonekana zaidi katika fremu nzima. Jicho linakwenda pale ambapo kitendo kinafanyika. Tofauti ya rangi kati ya msichana na msichana inasaidia kuwatenganisha hata wanapocheza kitendo kimoja kwa pamoja. Wangevaa sketi ndefu zenye marinda, kitendo kile kingepotea. Wangevaa nguo za bei kubwa, mwanafunzi wa Busan asingeweza kuwaiga kwa fedha ya mfukoni. Jinzi za rangi zilipata soko kubwa Korea mwaka ule, jambo ambalo limeandikwa sana huko, na lilitokana na ukweli kwamba vazi lile lilikuwa linapatikana na lilikuwa linavalika.

Kwa upande wa taaluma yako, yaani uhariri, angalia kibwagizo kinapoingia. Mhariri mwenye haraka angekatakata kila pigo la ngoma ili picha ionekane na nguvu. Hapa, sehemu zenye kitendo kikuu zinaachiwa shoti pana inayoonyesha mwili kuanzia kichwani hadi miguuni, na inakaa muda wa kutosha mtu kuona kitendo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kukata kwa haraka na nyuso za karibu vimewekwa kwenye beti, ambako hakuna cha kujifunza. Jaribu kuitazama ukiwa umezima sauti na uhesabu mwenyewe mahali kamera inapotulia. Mimi huwafanyisha wanafunzi wangu zoezi hilo kila mwaka, na wale wanaokuja wakiamini kwamba kukata sana ndiyo ustadi huwa wanakasirika kidogo.

Matokeo unayajua kwa sehemu. "Gee" ilishika nafasi ya kwanza kwa wiki tisa mfululizo katika Music Bank, kipindi cha muziki cha televisheni ya KBS, na hiyo ilikuwa rekodi kwa wakati wake. Ilichukua tuzo ya wimbo wa mwaka ya Melon, huduma ya muziki wa mtandaoni ya Korea, mwaka 2009 na tuzo kuu ya dijitali ya Golden Disk mwaka huohuo. Hata hivyo, tuzo ambayo mimi naiona nzito kuliko hizo, na nzito kuliko orodha ya Rolling Stone uliyoitaja, ni ya Korean Music Awards ya mwaka 2010, ambako pia ilishinda tuzo ya wimbo wa mwaka. Tuzo hizo hutolewa na jopo lenye wakosoaji wa muziki, halitazami wingi wa mauzo, na kwa kawaida si mahali pa kukimbilia vikundi vya kampuni kubwa. Waliolalamikia nyimbo za vibwagizo ndio waliokubali kwamba hii mojawapo ilikuwa imejengwa vizuri. Kwa hiyo sifa zake hazikuanza mwaka 2023 wala hazikuanzia Marekani. Orodha ile ilikuja kuandika kwa Kiingereza jambo ambalo Korea yenyewe ilikuwa imelisema miaka kumi na tatu kabla. Oktoba 2010 wimbo ulitolewa tena kwa Kijapani na ukafika nafasi ya pili katika chati ya Oricon, ilhali wasikilizaji wa huko walikuwa wamekwisha kuujua mchezo wake.

Nilikuahidi kurudi kwa Cho Soo-hyun. Mwaka 2012 mwongozaji huyohuyo alitengeneza video ya "Gangnam Style" ya PSY, ambayo Desemba ya mwaka huo ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Kwa nje video hizo mbili hazifanani hata kidogo: moja ni ya wasichana katika duka lenye rangi za peremende, nyingine ni ya mwanamume mnene anayezurura mitaani na kwenye bafu la mvuke. Lakini ziweke pamoja kwenye meza yako ya kuhariria. Zote zina kitendo kimoja kinachoonyeshwa kwa mwili mzima, zote zinakirudia hadi mtazamaji akishike, na zote zinatumia mahali kama mandhari tu ya kitendo hicho. Siwezi kusema kwamba mwongozaji ndiye aliyebuni dansi ile ya "Gangnam Style" ya kuigiza mpanda farasi, maana hiyo si kazi yake, ila alijua namna ya kuipiga picha ili dunia iweze kuifuata.

Hapo ndipo ulinganisho wako na BLACKPINK unapopotoka kidogo. "DDU-DU DDU-DU" ni kazi nzuri, na Novemba 2019 ikawa video ya kwanza ya kikundi cha Korea kufikisha mara bilioni moja. Lakini ilitengenezwa kwa mtazamaji mwingine. Kufikia mwaka 2018 mtazamaji wa kwanza wa wimbo wa Korea huenda yuko São Paulo au Jakarta, anatazama kwenye skrini yenye picha safi, na anasimamisha video ili apige picha ya skrini aipeleke kwa wenzake. Kikundi kina wasichana wanne, kwa hiyo kila mmoja anaweza kupewa jumba lake, vazi lake na picha yake ya kukumbukwa. Kifaru kile kimewekwa kwa ajili ya kusimamishwa kwenye fremu moja. Kingewekwa ndani ya "Gee" kingeiharibu, kwa kuwa hakuna mtu mwenye kifaru nyumbani. Vivyo hivyo, ukiwaondolea BLACKPINK majumba yao ukawatia katika duka la nguo, utakuwa umeuondoa ukubwa ambao wimbo wao unautangaza. Girls' Generation wenyewe walikuja kutafuta ukubwa wa aina hiyo: "I Got a Boy" ya Januari 2013 ina mapigo yanayobadilika mara kadhaa na mchezo mzito, na ilishinda tuzo ya video ya mwaka katika tuzo za muziki za YouTube zilizofanyika Novemba mwaka huo, kwa kura za mashabiki wa dunia nzima. Naipenda kama fundi. Sijapata kumwona mtu asiye shabiki akiicheza.

Usinielewe kwamba naiona "Gee" haina doa. Sauti zimepitishwa kwenye mitambo kupita kiasi, na kwa kikundi chenye waimbaji wa kiwango cha Taeyeon huo ni ubadhirifu. Daraja, yaani kile kipande tofauti cha kuelekea mwisho ambako noti zinanyooshwa, linaonyesha kwa muda mfupi kile ambacho wimbo wote ulikuwa umekificha. Doa kubwa zaidi liko kwenye kisa. Wasichana wa miaka 17 hadi 19 wanaoonyeshwa kama masanamu yanayovalishwa na kupangwa na mwanamume, kisha wanaimba kwamba wao ni wajinga kwa ajili ya mapenzi, ni picha inayostahili kuulizwa maswali, na Korea yenyewe imeyauliza. Miaka ile kulikuwa na mjadala mrefu kuhusu wale walioitwa mashabiki wajomba, wanaume wa miaka thelathini na arobaini waliojitokeza hadharani kama wapenzi wa Wonder Girls na Girls' Generation, na kuhusu namna kampuni zilivyojua wazi nani ananunua usichana huo. Wapo wanaoitetea video kwa kusema kwamba masanamu yanaishi pale tu mwanamume anapoondoka, na kwamba furaha yao yote ni ya wao kwa wao. Nimeyasikia maelezo hayo na nayaona kuwa yamekwenda mbali kuliko video yenyewe ilivyokusudia. Kikundi hakikukaa hapo muda mrefu, kwani Machi 2010 walitoa "Run Devil Run" wakiwa wamevaa nyeusi na kumfukuza mwanamume mdanganyifu, jambo linaloonyesha kwamba kampuni nayo ilijua picha ile ina kikomo.

Kwa kazi zako za Tanga, hasa kama unapigia picha vikundi visivyo na fedha, ningependa uchukue mambo machache tu kutoka humu. Kabla ya kukodi kamera, muulize msanii ni kitendo gani kimoja ambacho mtazamaji ataondoka nacho, na kama hakipo, usianze. Kikipatikana, mwite mtoto wa jirani umwonyeshe mara mbili. Akishindwa kukirudia, mwambie mbunifu akipunguze. Siku ya kupiga picha, hakikisha una shoti pana ya kiitikio iliyochukuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatwa, miguu yote ikiwa ndani ya fremu, hata kama mwongozaji anakuambia haitahitajika. Mavazi yatofautiane na ukuta wa nyuma kwa rangi, na yaonyeshe kiungo kinachofanya kazi. Mahali pamoja panatosha, mradi uwe na sababu ya watu kuwapo hapo. Duka la nguo la Kariakoo baada ya saa za kazi linakodishika kwa bei ya chini sana kuliko jumba la ufukweni ambalo kila msanii amekwisha kulitumia.

Na kama wadogo zako wanataka kurekodi mchezo wa "Gee" wenyewe na kuupandisha, wafanye hivyo bila kuongeza wala kupunguza sauti ya wimbo ili kukwepa mitambo ya YouTube ya kutambua muziki. Kwa kawaida mwenye haki huuacha mchezo wa mashabiki ukae na yeye huchukua mapato ya matangazo, lakini sauti iliyochezewa huleta matatizo zaidi kuliko ile ya asili.

Yule kijana wa dukani ni Choi Minho wa SHINee, kikundi cha wavulana watano ambacho SM ilikizindua Mei 2008, miezi michache tu kabla ya video hii. Kampuni za Seoul zina desturi ya kumtumia msanii wao mchanga katika video ya kikundi chao kingine, maana halipiwi kama mwigizaji wa nje na uso wake unajulikana kwa mashabiki ambao tayari wanatazama. Haimbi hata neno, na hachezi.